Swali alilouliza mfiwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha ushuhudiaji

Kisa hiki kilitokea katika kanisa ninalolitumikia kama mratibu wa uinjilisti. Herufi za majina si za kweli, na mahali, tarehe na kazi za wahusika nimeviondoa. Watatu kati ya wahusika wanne wamesoma andiko hili na kuridhia litumike kufundishia. Wa nne, Dada T., aliniambia niandike lakini yeye hataki kulisoma. Nitaeleza sababu mbele.

Ninakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaoongoza timu za kushuhudia, hasa wale ambao, kama mimi, wana fomu ya kujaza kila mwisho wa mwezi.

Usuli

Timu yetu ilikuwa na watu 14 waliotoka wawili wawili kila Jumamosi, kwa mfano wa Luka 10, ambapo Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Kabla ya kutoka walipitia mafunzo ya miezi miwili. Walijifunza muhtasari wa Injili, mistari ya kukariri, maswali mawili ya kufungulia mazungumzo, na namna ya kumwongoza mtu sala ya toba. Mafunzo hayo niliyaandaa mimi. Na fomu pia niliitengeneza mimi: jina, simu, halafu safu tatu za kuweka alama, yaani aliyesikia, aliyeokoka, aliyeombewa.

Hawakuwa watu wa kutafuta sifa. Kaka S., ambaye kisa hiki kinamhusu sana, alikuwa akiamka alfajiri kila Jumamosi kuwaombea watu ambao bado hajawaona. Ana mzigo wa kweli kwa ajili ya watu. Nalisema hili mapema kwa sababu visa vya namna hii husomwa kana kwamba kosa lilitokana na moyo mbaya, na msomaji anajiona salama kwa kuwa moyo wake ni mwema.

Upande wa pili yupo Bwana K., mwanamume wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliwahi kwenda kanisani akiwa kijana, akaacha bila ugomvi na mtu. Mkewe aliugua muda mrefu, akafariki. Timu ilipobisha hodi kwake zilikuwa zimepita wiki tano tangu mazishi.

Na yupo Dada N., mshirika wa kanisa letu ambaye hakuwa kwenye timu. Alifanya kazi ofisi moja na Bwana K., meza zao zikitazamana, kwa miaka 6. Wakati wa ugonjwa wa mkewe, Dada N. ndiye aliyembebea kazi zake alipochelewa, na alikwenda wodini kumjulia hali mgonjwa mara nyingi kuliko ndugu wengine. Hakuwahi kumtajia Kristo hata siku moja.

Yaliyotokea

Jumamosi ile Kaka S. na Dada T. walikuwa na nyumba tisa za kutembelea. Ya Bwana K. ilikuwa ya sita. Aliwakaribisha ndani. Mezani palikuwa na maboksi ya dawa za marehemu. Alikuwa akiyapanga, hajui ayatupe au ayarudishe hospitali. Kaka S. alihitaji mahali pa kuweka Biblia. Aliyasogeza maboksi kando kwa mkono, taratibu, akaifungua Biblia pale yalipokuwa.

Walimpa pole. Kisha Dada T. akauliza swali la kwanza la mafunzo: kama ungekufa usiku huu, una uhakika ungekwenda wapi?

Bwana K. alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na mke wangu je?"

Mafunzo yangu yalikuwa na jibu la jambo hili, na Dada T. alilitoa kama alivyofundishwa: "Baba, kwa sasa tunazungumza habari zako wewe." Wakaendelea na muhtasari hadi mwisho. Walipomuuliza kama yuko tayari kumpokea Kristo alisema ndiyo, akainama, akarudia maneno ya sala sentensi kwa sentensi. Ziara nzima ilichukua kama dakika 25. Kwenye fomu waliweka alama kwenye safu zote tatu.

Aliyepewa jukumu la ufuatiliaji alimpigia simu mara mbili. Haikupokelewa. Akaandika "hapatikani", na jina likahamia kwenye faili.

Ilipita miezi minane. Siku moja ofisini, watu wakiwa wameshaanza kuondoka, Bwana K. alimuuliza Dada N. kama yeye ni wa kanisa lile la waliokuja nyumbani kwake. Dada N. akasema ndiyo, akashangaa, maana hakujua habari za ziara hiyo. Bwana K. akamsimulia. Hakusimulia kwa hasira. Alieleza yale maboksi yalivyosogezwa, akaeleza swali lake lilivyowekwa kando, akasema aliitikia sala kwa sababu alikuwa amechoka na aliona ndiyo njia ya heshima ya kuwafanya wageni waondoke. Kisha akasema neno lililomlaza macho Dada N. usiku kucha:

"Lakini wale walikuwa wageni. Wewe dada, miaka sita tumekaa hapa. Mbona hukuwahi kuniambia kitu?"

Dada N. alikuwa na jibu, lile ambalo wengi wetu tunalo. Akamwambia alitaka aione imani yake kwa matendo.

"Niliyaona," Bwana K. akamjibu. "Nilidhani ndivyo ulivyo tu. Mtu mwema."

Kesho yake Dada N. alikuja kwangu akilia. Nilitoa faili, nikalikuta jina la Bwana K. na alama zake tatu. Kumbe katika ripoti ya mwezi ule nilikuwa nimewasomea wazee idadi ya waliookoka, na yeye alikuwa miongoni mwao. Nakumbuka tulimshukuru Mungu kwa sauti.

Maamuzi na sababu zake

Tulikutana watu watano: mchungaji, mimi, Kaka S., Dada N. na mumewe. Nitaeleza maamuzi kwa mfuatano tulioyafanya, maana mengine yalibishaniwa sana.

La kwanza lilikuwa nani amwendee. Wazo la haraka lilikuwa mchungaji aende, kwa kuwa jambo limekuwa zito. Tuliliacha. Bwana K. hakuwa amelalamika kwa mchungaji. Alikuwa amemwambia mwenzake wa kazi. Kumpelekea mkubwa wa kanisa kungegeuza maneno yake ya moyoni kuwa kesi.

La pili lilikuwa kuomba radhi, na hapa tulivutana. Mmoja wetu aliona kwamba kumwomba mtu radhi kwa kumhubiria ni kama kuifuta Injili yenyewe. Hoja yake si ya kupuuzwa. Agizo Kuu la Mathayo 28 halikuacha nafasi ya kunyamaza, na kanisa linaloanza kuona haya kwa kuhubiri litaishia kuwa chama cha watu wapole. Tulichokubaliana mwishoni ni kwamba Kaka S. aombe radhi kwa jambo alilolitenda hasa, yaani kuyasogeza maboksi na kuliruka swali. Asiombe radhi kwa Jina alilolitaja. Aende bila Biblia mkononi, asimwalike popote, asiombe nafasi ya kuomba. Na kabla ya hapo Dada N. amuulize Bwana K. kama anaridhia kutembelewa.

La tatu lilimhusu Dada N. Bwana K. alikuwa ameuliza swali, na swali hilo lilistahili jibu la mdomo kutoka kwake, si kwa mtu mwingine. Tuliamua amwambie wazi anachokiamini na kwa nini, kisha kama atapenda, wasome pamoja Injili ya Marko, sura moja kwa wiki. Tulichagua Marko kwa kuwa ni fupi kuliko zote nne, sura 16, na inakwenda kwa kasi ya matukio bila mihadhara mirefu. Mumewe Dada N. awe pamoja nao kila mara. Mjane wa kiume na mke wa mtu kukaa peke yao jioni kungeleta maneno, na maneno yangemuumiza kwanza yeye aliyefiwa.

La nne: asialikwe ibadani mpaka aulize mwenyewe. Tuliona ameshasukumwa vya kutosha. Uamuzi huu nitaurudia, maana tulikosea.

La tano nililifanya peke yangu, kwa haraka na kwa aibu. Nilisimamisha matumizi ya fomu kwa miezi mitatu, na katika mkutano wa timu uliofuata nikakisimulia kisa chote ili wote wajifunze. Sikutaja majina. Lakini Dada T. alikuwa ameketi pale, na kila mtu alijua nani alikwenda na nani.

Ziara ya pili na Marko

Kaka S. alipofika, Bwana K. alimkaribisha kama mara ya kwanza. Meza ilikuwa tupu. Kaka S. aliniambia alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yote yakapotea, akabakiwa na haya: "Baba, siku ile nilisogeza dawa za mama. Nilitaka mahali pa kuweka Biblia. Nisamehe."

Bwana K. alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na boksi moja. Lile moja hakulitupa. Akaanza kueleza mkewe alivyokuwa akimeza dawa zile, saa ngapi, jinsi mwishoni alivyolazimika kumshikia bilauri. Kaka S. alikaa karibu saa mbili na anakumbuka kusema sentensi tatu. Katika mazungumzo hayo ndipo ilipojulikana kwamba marehemu alikuwa akiomba kila usiku wodini, na kwamba Bwana K. alikuwa akigeuka ukutani kujifanya amelala.

Kwa hiyo swali la "na mke wangu je" halikuwa namna ya kukwepa mazungumzo, kama nilivyokuwa nimewafundisha vijana wangu kulitambua. Huyu mtu alikuwa akiuliza kama yule ambaye mkewe alikuwa akizungumza naye usiku alikuwepo kweli. Mlango ulikuwa wazi mbele yetu, sisi tukapita dirishani.

Usomaji wa Marko ulianza wiki mbili baadaye. Sitasimulia wote. Wiki ya nne walifika pale mashua inapojaa maji na Yesu amelala juu ya mto shetrini, yaani sehemu ya nyuma ya mashua. Bwana K. ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti. Alifika kwenye maneno ya wanafunzi, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?", akaweka kidole juu ya mstari, akanyamaza. Dada N. anasema mwili wake wote ulitaka kurukia mstari unaofuata, ule wa upepo kukoma na kuwa shwari kuu. Mumewe akamtazama, akatikisa kichwa. Bwana K. akasema, "Hili ndilo swali langu." Wakaifunga Biblia pale pale. Wiki iliyofuata aliifungua mwenyewe, akaendelea na mstari wa 39 bila kuambiwa.

Siku nyingine alirudia swali la mkewe waziwazi. Dada N. alimjibu kwamba hawezi kuona yaliyokuwa moyoni mwa marehemu, ila anamjua atakayemhukumu: ni yule aliyelia kwenye kaburi la Lazaro. Halafu akamwambia kile ambacho hakukisema kwa miaka sita: kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufiwa na mtoto, na kwamba kilichomsimamisha si moyo mwema, ni Kristo aliyekufa na kufufuka. Bwana K. hakujua kwamba alifiwa.

Wiki ya kumi aliuliza, "Kwani kanisani kwenu watu kama mimi hawakaribishwi?"

Matokeo

Walimaliza Marko. Sasa umepita mwaka mmoja na nusu tangu ziara ya kwanza. Bwana K. huja ibadani, si kila Jumapili. Anapoulizwa kama anaamini hujibu kwa maneno ya yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mchungaji alimgusia habari ya kutoa ushuhuda mbele ya kanisa, alikataa kwa upole, na hatukulirudia. Ameomba kuanza darasa la mafundisho. Hajasema lini.

Mwezi uliopita alimwomba Kaka S. waende pamoja kwa jirani yake aliyefiwa. Kaka S. anasema Bwana K. alikaa muda mrefu bila neno, halafu akamuuliza mfiwa jina la marehemu na alikuwa mtu wa namna gani.

Fomu ilirudi ikiwa imebadilika. Safu ya waliookoka imeondolewa. Badala yake kuna maswali mawili: mtu huyu aliuliza nini, na nani atarudi kwake, lini. Nyumba zinazotembelewa na kila jozi zimepungua kutoka tisa hadi tatu kwa Jumamosi. Wazee wawili hawajaridhika na upungufu huo, na wana haki ya kuuliza. Dada T. aliacha timu.

Uchambuzi

Nianze na fomu, maana kosa lilianzia mezani kwangu kabla halijafika mezani kwa Bwana K. Katika Kiyunani cha Mathayo 28:19 kitenzi kikuu cha agizo ni kimoja, kuwafanya watu kuwa wanafunzi; kwenda, kubatiza na kufundisha vyote vinakizunguka hicho. Biblia yetu imelitunza hilo vizuri: "mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza ... na kuwafundisha". Fomu yangu ilipima jambo moja linaloweza kukamilika ndani ya dakika 25. Mtu akipewa nyumba tisa na safu ya kuweka alama, hata awe na upendo kiasi gani, swali la mwenye nyumba linaanza kuonekana kama kikwazo kwenye njia ya kufika mwisho. Kaka S. hakukosa upendo. Nilimpa ratiba isiyokuwa na nafasi ya upendo huo kufanya kazi.

Hapa natahadharisha. Wapo watakaosoma kisa hiki na kusema tatizo ni haraka, kwamba imani ya kweli lazima ichukue miezi. Maandiko hayasemi hivyo. Mlinzi wa gereza wa Filipi alibatizwa usiku ule ule, na watu elfu tatu wa Pentekoste siku ile ile. Karne zilizofuata kanisa liliwaweka wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, katika mafundisho kwa muda mrefu, mahali pengine hata miaka 3, na hilo nalo lilikuwa na hekima yake. Lakini tazama mlinzi wa gereza: ni yeye aliyeuliza, "yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Paulo alijibu swali lililoulizwa. Sisi tulijibu swali letu wenyewe, tena tukalikataa la kwake. Mithali 18:13 inalitaja jambo hili bila kupamba: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake."

Sala ya toba yenyewe sina ugomvi nayo. Nimewaona watu waliozaliwa upya wakiitamka. Ila sala ya kurudia neno kwa neno baada ya mhubiri haimo katika Agano Jipya kama kipimo cha wokovu. Ni desturi iliyoenea sana katika karne ya 20 pamoja na mikutano mikubwa na vijitabu vya kushuhudia. Tukiichukua kama uthibitisho, tunamdhulumu mtu mara mbili: tunamwambia amefika wakati hajaanza, na tunaacha kumtafuta kwa kuwa kwenye faili ameshapatikana. Bwana K. aliachwa miezi minane na kanisa lililokuwa limemshukuria Mungu kwa ajili yake.

Kuhusu kumshuhudia mfiwa, sura ninayoirudia tangu wakati ule ni Yohana 11. Martha na Mariamu wanamwambia Yesu maneno yale yale, kila mmoja kwa wakati wake: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Kwa Martha, Yesu anajibu kwa fundisho, mojawapo ya mafundisho makubwa kuliko yote, juu ya ufufuo na uzima. Mariamu anasema maneno yale yale, na Yesu hafundishi kitu. Anauliza walikomweka, kisha analia. Mafunzo yangu yalikuwa na jibu moja kwa maneno yanayofanana. Bwana anawatazama wasemaji, na majibu yanakuwa mawili. Sijui njia ya kuliweka hilo kwenye mwongozo wa kukariri. Ninachoweza kufanya ni kuwafundisha watu kuuliza swali moja zaidi kabla ya kufungua Biblia, na kuwapunguzia nyumba ili wawe na muda wa kusikia jibu.

Sasa Dada N. Ingekuwa rahisi kumfanya shujaa wa kisa hiki, na watu kadhaa kanisani wamejaribu. Mwenyewe amekataa, na yuko sahihi. Kuna usemi unaopendwa, kwamba tuhubiri Injili siku zote na ikibidi tutumie maneno. Watu humpa Fransisko wa Asizi sifa ya usemi huo, ingawa haupatikani katika maandishi yake, naye alikuwa mhubiri wa maneno aliyekwenda mpaka Misri mwaka 1219 akazungumza na Sultani al-Kamil uso kwa uso. Dada N. aliuishi usemi ule kwa miaka sita, na matokeo tumeyasikia: Bwana K. aliyaona matendo, akampa sifa yeye. Matendo bila maneno yanamwelekeza mtu kwa mtendaji. Papa Paulo wa Sita aliandika mwaka 1975, katika waraka wake juu ya uinjilishaji, kwamba hata ushuhuda mzuri kuliko yote wa maisha hauzai matunda ya kudumu usipofafanuliwa kwa kumtangaza Yesu waziwazi. Katika waraka huo huo alisema kwamba mtu wa leo huwasikiliza mashahidi kwa moyo zaidi kuliko walimu. Tulikuwa na nusu moja ya ukweli huo kwenye ofisi ya Bwana K. na nusu nyingine sebuleni kwake, na hazikuwahi kukutana.

Nilimuuliza Dada N. alichokiogopa. Alisema aliogopa kuonekana anamhudumia ili amvute. Hofu hiyo ina heshima ndani yake. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano baina ya Dini na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa kwa pamoja mapendekezo juu ya mwenendo wa kumshuhudia Kristo, wakaonya dhidi ya kuwavuta watu kwa misaada na kutumia unyonge wao. Lakini mapendekezo hayo yanaanza kwa kusema kwamba kushuhudia ni sehemu ya uhai wa kanisa. Dada N. angeweza kumwambia Bwana K. ametoa wapi nguvu, bila kudai chochote, na asubuhi iliyofuata akaendelea kumbebea kazi vile vile. Kipimo cha msaada usio na ndoano ni kuendelea hata mtu akisema hapana.

Kuomba radhi kulifanya kazi, nadhani, kwa sababu kulikuwa kwa jambo moja linaloonekana. Kaka S. hakusema "kama tulikukwaza". Alitaja maboksi. Mtu akitaja kosa kwa jina lake, aliyekosewa anajua kwamba alionekana. Na kwenda mikono mitupu kulimlazimisha kusikia. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Shida ilianza walipofungua vinywa.

Tulipokosea mara ya pili ni kule kukataza mwaliko. Tulitaka kumheshimu, tukamfanya ajione hatakiwi. Nimejifunza kwamba mtu aliyejeruhiwa na haraka ya kanisa anaweza kujeruhiwa tena na tahadhari yake. Ingetosha Dada N. kumwambia wiki ya kwanza: ibada ni saa fulani, karibu siku yoyote, na usipokuja tutaendelea kusoma kama kawaida. Sentensi moja. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu", na mimi niliushika huo upole mpaka nikasahau utayari.

Uamuzi mbovu kuliko yote ni wangu wa tano. Nilikuwa nimetoka kujifunza kwamba hatukumsikiliza Bwana K., nikaenda moja kwa moja kuwahutubia timu bila kumsikiliza Dada T. Alikuwa ametoa jibu nililomfundisha, kwa maneno niliyomwandikia, na nikaliweka kosa hilo mbele ya wenzake likiwa na sura yake. Kaka S. alipata nafasi ya kwenda kuomba radhi, na nafasi hiyo ilimponya na yeye pia. Dada T. sikumpa nafasi ya aina yoyote. Hakualikwa kwenye kikao cha watu watano, na mpaka leo sina sababu ya kueleza kwa nini, isipokuwa kwamba hakuna aliyemkumbuka.

Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilijitetea, nikaondoka nikijua nimejitetea. Mara ya pili nilimwambia kwamba jibu lile lilikuwa langu, na kwamba nilimwacha alibebe peke yake. Alinisikiliza, akasema amesikia. Kuhusu kurudi kwenye timu alisema nisimuulize kwa sasa. Sijamuuliza.